Uzi: Seva ikizima, kwa nini na intaneti ya ofisi nzima ife? Ruta ibebe nini, seva ibebe nini

mwisho_wa_reli:

Wakuu habari za jioni. Kwenye ule uzi wa jamaa aliyekuwa anauliza anunue seva gani nilisema nitakuja na wa kwangu, mkanicheka eti naahidi kama mgombea. Haya, leo mvua imenifungia ndani huku Mwanga, umeme upo, chai ipo, ngoja nimwage. Ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Kuna ofisi moja hapa Kigoma mjini, siitaji, sio mbali na bandari, wanashughulika na makaratasi ya mizigo. Wa huku mnajua, mzigo unakuja na treni au lori kutoka Dar, unaingia melini kwenda Kalemie au Uvira au Bujumbura, na makaratasi lazima yatangulie la sivyo kila mtu anakaa anaangaliana na mwenzake. Wana kompyuta 14, printa 3, seva 1 ambayo ukweli ni kompyuta tu ya mezani ya HP imewekewa Ubuntu, na simu za watu ambazo sijawahi kumaliza kuzihesabu.

Fundi aliyenitangulia alirundika kila kitu kwenye ile seva. Simsemi vibaya, kipindi kile ndo ulikuwa ufundi wenyewe, seva inawekewa kadi mbili za neti, moja inachomekwa kwenye modemu nyingine inaenda kwenye swichi, yenyewe inakaa katikati kama mlinzi wa geti. Kwaiyo ile HP ndo getiwei (mlango wa kutokea kwenda intaneti), ndo fayawoli (ulinzi wa mlango huo), ndo inagawa IP (anwani za kompyuta), ndo DNS (ya kugeuza majina kuwa anwani), ndo ina Squid ya kutunza kurasa, ndo ina mafaili yote kwa Samba (programu ya kushea mafaili), ndo imebeba data ya Tally (programu ya mahesabu). Mtu mmoja kazi saba.

Ikafika siku. Mi niko Kasulu msibani, umeme umekatika saa mbili asubuhi ukarudi saa nne, simu inaita, bosi. Salamu hamna. "Kijana, intaneti imekufa." Namuuliza taa za modemu, zinawaka zote. Basi nikajua ni seva. Na ile seva haina skrini wala kibodi, iko chini ya meza ya masijala imefunikwa na mafaili, ikabidi waazime skrini ya mhasibu wachomeke wanitumie picha. Kumbe imeanza kukagua diski, imekuta hitilafu, imesimama inasubiri mtu aiambie iendelee. Nikatoka nyuma ya nyumba ya msiba nimeziba sikio moja namsomea dada wa mapokezi amri herufi moja moja, "f kama Fatuma, s kama sabuni", wazee wananiangalia wanadhani nimechanganyikiwa na msiba.

Ilichukua kama saa nzima. Sasa kilichoniuma sio diski, diski ni mashine, inaumwa. Kilichoniuma ni kwamba intaneti ilikuwa nzima muda wote ule! Modemu inapumua vizuri, watu 14 wamekaa, meli inasubiri imeili, kisa njia ya kutokea nje imepitishwa katikati ya stoo na stoo imefungwa.

Tangu siku iyo sipangi kazi kwa kuangalia kifaa gani kina nguvu. Najiuliza swali moja tu: hiki kikizima, nani anakaa bure, na je ni halali akae bure? Seva ikizima ni halali mafaili yasipatikane, si yako ndani yake. Lakini sio halali mtu ashindwe kufungua imeili kwa sababu diski ya mafaili inajikagua. Ukilishika swali hilo mengine yanajipanga yenyewe.

fundi_wa_isevya:

Mwangaluka kaka, Tabora tupo tunasoma. Endelea kwanza kabla sijakupinga maana nina hoja.

dagaa_mkavu:

Natia nanga hapa.

mwisho_wa_reli:

Mwangaluka mkuu, kaa karibu nakuja kwako.

Nilichofanya, nilimshawishi bosi anunue ruta kamili, tukachukua MikroTik hEX. Sio matangazo, chukua unayoijua wewe, mi niliipendea kitu kimoja ambacho kwa huku kina maana kuliko spidi: inakubali umeme wa volti 8 mpaka 30 na inakula wati chache sana, kwaiyo nimeipa betri ya volti 12 pamoja na modemu, umeme ukikatika vile viwili vinaendelea kama hakuna kilichotokea. Jaribu kuibeba HP ya mezani kwa betri iyo iyo uone itadumu dakika ngapi. Alafu ruta ukiizima ghafla mara kumi inawaka mara kumi, haina Tally tumboni ya kuharibika.

Basi ruta ikachukua njia yote ya kutokea nje, yani getiwei, NAT (ya ofisi nzima kutokea kwa anwani moja) na fayawoli, ikachukua na kugawa IP, na kusimamia mtandao wa waifai ya wageni pia, maana madereva na mawakala wanashinda pale wanaomba paswedi. Wale nimewapa mtandao wao peke yao, wanatoka nje tu, ndani hawaingii. Hiyo kazi ukimpa seva umeleta wageni chumbani.

Seva ikabaki na mafaili, data ya Tally, foleni ya printa, na bakapu ya usiku. Kadi ya pili ya neti nikaichomoa kabisa. Sasa hivi seva ni kama kompyuta nyingine yoyote kwenye swichi, tofauti yake tu inaheshimiwa.

Ila Jumatatu yake niliaibika.

Jumamosi nilihamisha kila kitu, nikapima, safi. Ruta ni 192.168.1.1, seva nikaiacha na IP yake ya zamani 192.168.1.254 ili mafaili yasipotee kwa watu. Huduma ya DHCP, ile ya kugawa IP, kwenye seva nikaizima kwa systemctl stop, nikaenda zangu Kibirizi kula mgebuka. Jumapili usiku umeme ukakatika ukarudi. Jumatatu asubuhi nusu ya ofisi intaneti ipo, nusu haipo, na wasiokuwa na intaneti mafaili ya seva yanafunguka vizuri tu! Nikahangaika na swichi, nikabadili waya, nikamlaumu mtoa huduma bure. Kumbe stop inazima kwa wakati ule tu, seva ikiwaka upya huduma nayo inaamka, ilitakiwa na disable. Kwaiyo ofisi ilikuwa na wagawaji wawili wa IP, na seva kwa mazoea yake inawaambia watu "mlango wa nje ni 254", yani yenyewe, wakati mlango ule nilishauchomoa.

Wasiojua inavyofanya kazi: kompyuta ikiwaka haijui mgawaji ni nani, inapiga kelele mtandao mzima "nani ananipa anwani", mgawaji anatoa ofa, kompyuta inaikubali, anathibitisha, basi. Wakiwepo wawili kwa kawaida anayewahi kujibu ndo anachukuliwa. Ndo maana tatizo linakuwa la bahati nasibu, huyu anapata yule hapati, kesho wanabadilishana, na fundi unaonekana mchawi. Andika ipconfig /all kwenye Windows, kuna mstari unakuonesha IP uliyonayo umepewa na nani. Mstari huo ungeniokoa asubuhi nzima.

dagaa_mkavu:

Hahaha kumbe stop na disable imetupiga wengi

fundi_wa_isevya:

Haya sasa nikupinge. We unaongea hivyo sababu seva yako ni Ubuntu na Samba. Mi huku Tabora nahudumia sehemu ina Windows Server, domeni kamili, watu wanaingia kwa akaunti zao, sera zinashuka kutoka kwenye seva. Hapo ukisema DNS iwe ya ruta umeua ofisi, kompyuta zinaitafuta domeni kwa DNS, kama DNS haimjui domeni kontrola (seva inayosimamia domeni) basi mtu anaingia kwa kumbukumbu ya zamani tu au haingii kabisa. Na DHCP ikiwa kwenye seva inaandika majina kwenye DNS yenyewe, kazi inakuwa nyepesi. Kwaiyo kanuni yako ya ruta kubeba kila kitu mi naona ni ya ofisi ndogo.

mwisho_wa_reli:

Mkuu hapo hatupingani, tena umenisaidia. Sijasema ruta ibebe kila kitu, nimesema uliza nani anakaa bure. Kwenye domeni ya Windows DNS ya kompyuta lazima iwe seva, sio ushauri, ndo inavyofanya kazi. Seva ndo imwulize ruta au mtoa huduma majina ya nje, sio kompyuta zenyewe.

Na hapa kuna kosa naliona kila nikienda ofisi ya watu. Fundi anaweka DNS ya kwanza seva, ya pili 8.8.8.8, anasema "seva ikifa watatumia ya Google". Inaonekana akili eh? Windows haichukulii ile ya pili kama tairi la spea. Ikichelewa kujibiwa na ya kwanza inaweza kuhamia ya pili na ikakaa hukohuko, na 8.8.8.8 haijui jina la seva yako wala domeni yako, inajibu tu "jina hilo halipo", na jibu hilo linapokelewa kama jibu halali. Kwaiyo seva ipo nzima kabisa lakini mtu anaambiwa haipo. Ukitaka DNS mbili kwenye domeni, zote mbili ziwe zinaijua domeni. Maana yake seva ya pili.

DHCP kwenye domeni mi bado naipeleka kwenye ruta kama seva ni moja. Ruta inagawa IP na kuwaambia watu "DNS yenu ni yule seva". Siku seva ikifa mazima, naingia kwenye ruta nabadili mstari mmoja tu, DNS iwe ruta, watu wakizima na kuwasha kompyuta wanapata intaneti wakati naisubiri diski kutoka Dar. DHCP ingekuwa kwenye seva ningekuwa natembea kompyuta moja moja naandika IP kwa mkono, maana kompyuta ya Windows ikikosa mgawaji inajipa yenyewe ile ya 169.254 isiyofika popote.

Kwa sisi wa Samba isiyo na domeni, DNS ya ruta inatosha, MikroTik unaiandikia jina la seva na IP yake mstari mmoja, mchezo umeisha.

fundi_wa_isevya:

Hilo la kubadili mstari mmoja nimelikubali. Ongezea na saa basi, mi ndo iliniumiza.

mwisho_wa_reli:

Kweli, nilisahau. Domeni ya Windows inavumilia tofauti ya saa ya dakika 5 tu kati ya kompyuta na seva, ikizidi hapo watu hawaingii. Na betri ya saa ya kompyuta kuukuu ikichoka, umeme ukirudi mashine inaamini ni miaka mingi iliyopita. Ruta nyingi ndogo hazina hata hiyo betri ya saa. Kwaiyo ruta ichukue saa nje kila ikiwaka, seva ichukue kwa ruta, kompyuta zichukue kwa seva. Ukiona tovuti zote za benki zinasema cheti batili asubuhi moja, kabla hujamshuku mdukuzi angalia saa kwenye kona.

mama_wa_steshenari_ujiji:

Samahanini kaka zangu, mi sio fundi. Nina steshenari hapa Ujiji, kompyuta tatu, printa moja kubwa, na kile kifaa cha intaneti nilichopewa na mtandao wa simu. Kuna kijana ananiambia ninunue seva. Kwa maelezo haya naona kama napigwa?

mwisho_wa_reli:

Dada yangu usinunue. Kompyuta tatu seva ya nini, hiyo hela nunua UPS ya printa na wino. Kifaa chako cha intaneti kinaweza kugawa IP na kulinda mlango, kazi za ruta zote kinazo. Kwa mafaili chagua kompyuta moja iliyo nzima, tengeneza foda moja ya kushea na wenzake, Windows ya kawaida inaruhusu mpaka vifaa 20 kuunganika kwa wakati mmoja, we unao watatu. Ila mwambie huyo kijana akufanyie vitu viwili: kwenye hicho kifaa atengee IP ya kudumu kwa printa na hiyo kompyuta ya mafaili, na akununulie diski ya nje ya bakapu ambayo jioni unaichomoa unaenda nayo nyumbani. Isiyochomolewa sio bakapu, kirusi kikiingia kinakula zote mbili.

mama_wa_steshenari_ujiji:

Asante sana kaka, ubarikiwe. Printa inapotea kila Jumatatu, labda ndo hiyo ya IP.

mwisho_wa_reli:

Ndo yenyewe dada. Wikiendi inazimwa, Jumatatu inapewa namba nyingine, kompyuta zinaitafuta kwenye namba ya Ijumaa.

mkongwe_wa_kebo:

Vijana mmemtaja Squid mkanikumbusha mbali. Sisi tulianza na intaneti ya dishi, bando la dhahabu, Squid ikitunza ukurasa mmoja watu kumi wanausoma bila kulipia tena. Mbona sasa mnaitoa? Huku bando bado ni hela.

mwisho_wa_reli:

Shikamoo mzee wangu. Squid nimeitoa kwa masikitiko. Tatizo sio Squid, ni kwamba karibu tovuti zote sasa ziko kwenye HTTPS, kila mtu anaongea na tovuti yake kwa siri, proksi iliyo katikati inaona tu kwamba fulani ameenda sehemu fulani, kilichomo ndani haikioni, na usichokiona huwezi kukitunza umpe mwingine. Nilifungua logi ya ile ya ofisini, mzee, ni CONNECT CONNECT CONNECT toka juu mpaka chini. Ilikuwa inakula RAM tu.

Kinachookoa bando siku hizi ni apdeti. Windows 10 na 11 zina sehemu ya kuruhusu kompyuta za ofisi zigawane apdeti, moja ikishusha nyingine zinachukua kwake kupitia swichi. Washa iyo, lakini chagua kompyuta za mtandao wako wa ndani tu, ile nyingine ya kugawana na watu wa intaneti itakumalizia bando hilohilo. Na kwenye ruta wagawie watu spidi, mtu mmoja asishushe mpira wa jana huku mwenzake anatuma makaratasi.

mkongwe_wa_kebo:

Marahaba. Basi Squid imestaafu kama mimi.

radi_ya_urambo:

Mi niwamwagie maji kidogo. Mnasema ruta ibebe njia maana haifi. Njooni huku Tabora masika, au hata hapo Kigoma kwenyewe, radi zinavyopiga. Mwaka juzi kwenye ofisi ninayohudumia ilipiga karibu na mlingoti wa antena, ikashuka na waya, ruta ikaungua poti zote, seva haikuguswa. Kwaiyo kwa swali lako mkuu, ruta ikizima nani anakaa bure? Wote!

mwisho_wa_reli:

Umenigusa pabaya. Ni kweli, ukihamishia njia yote kwenye ruta umehamisha na kifo. Jibu langu sio la kitaalamu sana, ni la hesabu: ruta ndogo ya akiba naweza kuiweka kabatini, seva ya akiba bosi hanunui hata nikilia. Kwaiyo kila nikibadili kitu kwenye ruta natoa nakala ya mipangilio kwa amri ya export, naitunza kwenye seva. Ruta ikiungua natoa ya kabatini, nairudishia mipangilio, dakika 20. RouterOS ya 7, programu inayoendesha MikroTik, inaficha nywila kwenye hiyo nakala mpaka uiambie ioneshe, kwaiyo usije ukagundua siku ya radi kwamba nywila za waifai hazimo. Na kama ya akiba ni modeli nyingine majina ya poti yanaweza kutofautiana, pitia kwanza ukiwa na akili zako, sio siku bosi amesimama mgongoni.

Kwenye waya wa kutoka nje weka kinga ya radi na waya wa ardhini kweli kweli, sio msumari kwenye ukuta.

radi_ya_urambo:

Msumari kwenye ukuta umenisema mimi 😂

kijana_wa_gungu:

Shikamooni. Mi naomba kuuliza, bosi wangu yuko Dar anataka aingie kwenye seva yetu hapa Kigoma aone mafaili. Nimefungua poti 445 kwenye ruta ielekee kwenye seva ila haifiki. Ruta yangu upande wa nje inaonesha IP inaanza na 100.72. Nakosea wapi?

mwisho_wa_reli:

Marahaba mdogo wangu. Kwanza shukuru haijafika. Futa hiyo sheria sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Poti 445 ni namba ya mlango wa kushea mafaili ndani ya nyumba, ndo hiyo kirusi cha WannaCry kilipita nayo Mei 2017 kikazunguka dunia. Wala 3389 ya rimoti desktopu usiifungue hivyo hivyo.

Kwa nini haikufika: IP zote kuanzia 100.64 mpaka 100.127 sio zako peke yako, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Yani nyumba yako haina namba ya mtaa, mtu wa nje hawezi kugonga. Unatoka wewe, hauingiliwi. Laini za simu nyingi ziko hivyo, hapo hata ufungue poti zote 65,535 ni bure.

Njia ni VPN, yani njia ya siri ndani ya intaneti, inayoanzia ndani kwenda nje. Kodi seva ndogo ya wingu, ruta yako iunganike nayo kwa WireGuard (aina ya VPN), laptopu ya bosi nayo iunganike hapohapo, wanakutana. Na hiyo VPN weka kwenye ruta usiweke kwenye seva! Mi nilikuwa naweka kwenye seva nikaona ujinga wake, seva ikizima na mlango wa kuja kuiwasha umezima nao. Sasa hivi nikiwa Kasulu naingia kwenye ruta kwa simu, ruta inaituma ile amri ya Wake-on-LAN kwenye swichi, seva inaamka. Umeiwezesha kwanza kwenye BIOS lakini, ile mipangilio ya mashine kabla Ubuntu haijawaka, na hapohapo BIOS weka umeme ukirudi mashine iwake yenyewe.

Kitu kingine, mitandao ya majumbani mingi ni 192.168.0 au 192.168.1. Ofisi ikiwa na namba hizohizo, bosi akiwa kwake akiitafuta 192.168.1.254 laptopu yake inaitafuta sebuleni kwake. Ilinikuta, ndo nikahamisha ofisi nzima kwenda 192.168.20, nikaweka ruta 1, seva 2, printa kuanzia 10, na za kugawa kuanzia 100 mpaka 199. Panga hivyo toka mwanzo usije rudia kazi.

fundi_wa_isevya:

Na mwambie afunge Winbox, ile programu ya kuingilia kwenye ruta ya MikroTik, upande wa nje. Lile tundu la 2018 watu walikuwa wanasoma majina na nywila za ruta kirahisi kama gazeti.

mwisho_wa_reli:

Naam, poti 8291 iwe ya ndani tu, na ruta uiapdeti. Ukiipa ruta madaraka yote alafu ukaiacha na programu ya zamani, umekabidhi funguo kwa mlinzi aliyelala.

kijana_wa_gungu:

Asante sana braza, nimefuta. Ila kuna jingine, tangu juzi kompyuta mbili zinapata IP ya 192.168.0 wakati ruta yetu inagawa 192.168.20, intaneti wanapata ila seva hawaioni. Ile ya kwako ya wagawaji wawili? Seva yetu haina DHCP nimeangalia mara tatu.

mwisho_wa_reli:

Tupia ipconfig /all ya moja wapo, angalia nani kampa.

kijana_wa_gungu:

Imeandika 192.168.0.1. Nimeifungua kwa brauza, inakuja ukurasa wa ruta ya TP-Link. Hatuna TP-Link.

mwisho_wa_reli:

Mnayo. Fuata waya kutoka kwenye swichi, mmoja mmoja, ukikuta unaingia kwenye chumba cha mkubwa usishangae.

kijana_wa_gungu:

😂😂😂 Iko nyuma ya friji ndogo ofisini kwa meneja. Ameitoa nyumbani eti waifai haifiki mezani kwake, ina laini yake ya modemu ya USB nyuma, na waya kachomeka kwenye swichi yetu. Nichomoe?

dagaa_mkavu:

Chomoa ukaanze kutafuta kazi

mwisho_wa_reli:

Usichomoe mdogo wangu, ibadilishe kazi. Subiri atoke kula. Toa ile modemu ya USB mkabidhi mwenyewe kwa heshima. Ingia kwenye TP-Link zima DHCP yake, ipe IP ya 192.168.20.5 ili uweze kuifikia siku nyingine, hakikisha waya wa swichi uko kwenye poti ya LAN (ya ndani) sio ile ya WAN (ya nje) yenye rangi tofauti. Jina la waifai na nywila viache vilevile simu yake isisumbuke. Hapo imekuwa ya kusambaza waifai tu, IP zinatoka kwa ruta yako. Ukimaliza kaweke na alamu ya DHCP kwenye MikroTik, mgawaji mgeni akitokea inaandika kwenye logi na MAC yake, yani namba ya kifaa chenyewe.

kijana_wa_gungu:

Nimefanya. Zile kompyuta mbili nimezizima na kuwasha, zimepata 20.131 na 20.140, seva wanaiona. Meneja amerudi kutoka kula, kafungua simu, waifai imejaa vistari vyote, kaniuliza nimeongeza spidi?

fundi_wa_isevya:

Umejibuje?

kijana_wa_gungu:

Nimemwambia ndio mzee.